Mazungumzo ya Arobaini na Moja

Mwala
Jumamosi, 26 Julai 2025

Mdogo wangu Justus,

Kadi yako ya memori ilifika Jumatatu, imekunjwa ndani ya barua kama kidonge cha dawa. Kavutha aliichomeka kwenye redio kabla hata hajatua kikapu chake. Unamkumbuka Kavutha? Mke wa jirani yetu Kyalo, yule anayenisomea barua zako na ile orodha unayochapisha pale dukani kwako. Kuandika bado naandika mwenyewe. Naweka kipande cha katoni chini ya mstari, mkono unatembea juu yake. Ukiona maneno yamepandana, ujue katoni iliteleza.

Nimesikiliza mazungumzo yote thelathini na mawili. Yule Mtanzania anayefuatilia maneno yalikotoka amenifurahisha sana. Miaka ishirini na tisa nimefundisha Kiswahili nikiandika "shule" ubaoni, wala sikujua neno hilo tulipewa na Wajerumani. Halafu yule mama wa nyota anayesema mwanga tunaouona usiku ulitoka huko zamani, na huenda nyota yenyewe ilishazimika. Nikamwambia Kavutha, basi hata nyinyi wenye macho mnaangalia kitu ambacho hakipo. Alicheka mpaka akaniaibisha.

Lakini lililonikaa ni lile la mzee wa nyuki. Pale anapoulizwa nani alimsaidia baada ya mkewe kufa, ananyamaza. Nilihesabu pumzi zake, zilikuwa kumi na nne. Aliyerekodi hakuukata ule ukimya, aliuacha ulivyo. Wewe ulipofika hapo ulifikiria nini? Niandikie.

Siku za Alhamisi siko peke yangu. Wanawake wa jumuiya huja na mbaazi zao, tunamenya huku redio inaongea. Huwaambia ndugu yangu husikiliza kwanza, kisha anachagua moja moja, kama mtu anayechambua mchele. Mama Nzau husema heri angekuwa na ndugu kama huyo.

Utaona sikupigii simu siku hizi. Sina haja. Nikiwasha redio ni kama umekaa hapa.

Dada yako,
Peris


Machakos
Jumanne, 5 Agosti 2025

Dada Peris,

Natumai hujambo na macho yanatulia. Mimi niko salama, Mutheu na mama yake wanakusalimu. Kazi ya duka imezidi, unajua shule zikikaribia kufunguliwa kila mwalimu anataka fotokopi jana.

Nimefurahi kusikia ulipenda ile kadi. Kama nilivyokuambia, kila asubuhi nikifungua duka huwa nasikiliza kwanza, yale mabaya nayatupa. Yule mzee wa nyuki alinichekesha sana! Huyo ni mtu wa vituko. Ya nyota nayo ilinifunza mengi.

Sasa nakutumia nyingine, iko na mazungumzo arobaini. Kuna ya historia ya reli, kuna daktari anaongea juu ya usingizi, kuna wakili mwanamke juu ya urithi, kuna mtu aliyetembea kwa miguu kuzunguka Ziwa Turkana. Orodha iko nyuma ya karatasi hii. Nilichukua muda mrefu kuyakusanya.

Jumapili ndugu yetu Urbanus alitoka Syokimau na dada yetu Wavinya akatoka Matuu, tukakutana hapa kwangu. Mambo ya kawaida tu ya nyumbani. Wote wanakusalimu.

Pumzika, usijisumbue na kitu chochote.

Ndugu yako,
Justus


Mwala
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Justus,

Kadi ya arobaini imefika. Nashukuru.

Ya reli ni nzuri, ingawa msemaji anajipenda. Yule wakili anafaa kusikilizwa na kila mwanamke wa hapa, nimewarudishia wenzangu mara mbili. Aliyezunguka ziwa alinichosha miguu nikiwa nimekaa.

Mzee wa nyuki hakuchekesha, Justus. Alikuwa analia.

Nina swali moja. Orodha yako ina mazungumzo arobaini. Kavutha aliihesabu mara tatu. Kwenye kadi kuna arobaini na moja. Hilo la mwisho halina jina, lina tarakimu tu, na linachukua dakika kumi na saba. Hakuna muziki wa kufungulia, hakuna anayekaribisha wageni. Kuna watu watatu, wanaume wawili na mwanamke, na vikombe vinagongana.

Wanajadili dada yao mkubwa aliyeingia upofu. Wa kwanza ana sauti nene, anauliza nani atakaa na huyo dada, anasema kuna masista huko Kitui wanaopokea wazee. Mwanamke anasema, "Nyinyi, huyo ndiye alitulea." Kisha wa tatu, ambaye ana sauti nzuri, sauti inayofaa redio, anasema hivi, nami nimeyashika kama shairi: "Mimi nilishapata dawa yake. Namtumia kadi. Kadi moja ni wiki mbili bila simu. Yeye anapata watu wa kuongea naye, mimi napata amani. Hata sisikilizi yaliyo ndani, nashusha tu kwa waifai na kubandika." Halafu wanaume wanacheka. Mwanamke hacheki.

Ningependa kujua wasemaji hao ni akina nani, na mazungumzo hayo yalikusudiwa kumfundisha nani.

Peris


Machakos
Jumanne, 19 Agosti 2025

Dada,

Barua yako nimeipata leo, naijibu nikiwa nimesimama. Hayo mazungumzo ya mwisho ni mchezo wa redio. Ni waigizaji tu. Kuna watu hurekodi michezo ya maisha ya familia ili kufunza jamii, na huu uliingia kwa bahati mbaya, ndiyo maana hauko kwenye orodha. Sauti za watu hufanana sana kwenye spika ndogo.

Nafikiri kadi hiyo pia iko na virusi, inaweza kuharibu redio. Itoe leo leo na unirudishie. Usiisikilize tena, na usimpe mtu. Nitakutumia nyingine safi.

Kuna mtu mwingine aliyesikia? Niambie tafadhali.

Justus


Mwala
23/8/2025

Baba Mutheu,

Habari ya huko. Ni mimi Kavutha, mke wa Kyalo. Mwalimu hajui kama nakuandikia, ameenda kanisani na Mama Nzau.

Umeuliza kama kuna mtu mwingine alisikia. Tulisikia wote. Ilikuwa Alhamisi tarehe kumi na nne, tulikuwa wanawake kumi na mmoja na mbaazi zetu. Ya arobaini ilipoisha hiyo ingine ikaanza yenyewe. Mimi ndiye nilikuwa karibu na redio na sikuizima, nilidhani ni ya kuchekesha. Tulipofika pale pa "kadi moja ni wiki mbili bila simu" hakuna mtu alikuwa anamenya tena. Mama Nzau alikubeba mgongoni ukiwa mtoto, atakosaje kujua sauti yako?

Mwalimu ndiye aliongea kwanza. Alicheka, akasema, "Huo ni mchezo wa kuigiza. Waigizaji wa siku hizi wanajua kazi." Akauliza kama chai iko tayari. Wanawake wakaitikia eti ndiyo, ni mchezo mzuri. Tulikunywa hiyo chai haraka, kila mtu akakumbuka ng'ombe wake.

Sasa juzi barua yako imekuja na imeandikwa mchezo wa redio. Nilipomsomea hapo akasema, "Angalau tumefikiria uongo mmoja. Ni damu." Akaniambia niendelee.

Baba Mutheu, yeye alidanganya kukufunika. Wewe umedanganya kujifunika. Mimi si mtu wa kusoma sana lakini hiyo tofauti naiona.

Redio ameifunika na kitambaa. Alhamisi hii wanawake walikuja akawaambia betri imekufa. Anakaa hapo nje mikono kwa magoti. Jana alinishika mkono akaniuliza kama na mimi huwa namchoka nikimsomea. Nililia baadaye kwa shamba.

Usimwambie nimekuandikia.

Kavutha


Machakos
Jumamosi, 30 Agosti 2025

Dada Peris,

Ndani ya karatasi hii kuna kadi. Iko na kitu kimoja tu, sauti yangu, dakika tisa. Tafadhali isikilize ukiwa peke yako. Kavutha akisoma hapa, namwomba aichomeke tu halafu atoke.

Justus


Mwala
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Justus,

Nakurudishia kadi yako. Sijaisikiliza.

Kavutha aliniuliza kwa nini, wakati ndugu yangu anataka kusema jambo. Nilimwambia nakujua. Ukiwa na miaka saba ulivunja chungu cha Mwaitu, mama yetu, ukanifuata nyuma ya zizi ukaniomba msamaha kwa sauti ndogo, nami nikaenda kumwambia Mwaitu kwamba nimekivunja mimi. Una sauti inayomfanya mtu achukue kosa lako na kulibeba. Sasa nimechoka kubeba, na sioni ninapokanyaga.

Kama una la kusema, liandike. Kavutha atalisoma kwa mdomo wake, nami nitalisikia kwa mdomo usio wako. Mlinijadili mbele ya watu. Mtu mmoja asikie unavyojibu. Najua ni aibu. Hata mimi niliona aibu siku ile, Justus, na sikuwa nimefanya kosa. Nilikaa kati ya wanawake kumi nikajiona kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba ya watu.

Usitaje mchezo wala virusi.

Peris


Machakos
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Dada yangu Peris,

Kavutha, soma yote kwa sauti. Usipunguze mahali.

Sauti ile ni yangu. Ya kwanza ni ya Urbanus, ya mwanamke ni ya Wavinya. Ilikuwa tarehe tatu Agosti, sebuleni kwangu. Urbanus alisema turekodi kwa simu ili Wavinya asije akakana tulichokubaliana, na mwishowe hatukukubaliana chochote. Simu iliweka sauti hiyo pamoja na yale niliyokushushia, nami nikabeba faili zote bila kuangalia. Sikuwa naangalia kamwe. Maneno niliyosema ni hayo hayo uliyoandika. Nilicheka pia.

Nilikuambia huwa nasikiliza kila asubuhi. Sikuwahi kusikiliza hata moja. Wiki hizi mbili nimeyasikiliza, karibu yote, nikiwa nafanya fotokopi. Mzee wa nyuki nimemsikiliza mara nne. Nilihesabu pumzi kumi na tatu, labda moja ilinipita. Hapo kwenye ukimya mteja aliniuliza kama naumwa.

Lakini kuna jambo ambalo halimo kwenye kadi yoyote. Nimeanza kuliandika mara tatu nikalichana.

Mwaka jana, tarehe ishirini Februari, ulikuwa na siku ya upasuaji wa jicho la kushoto. Nilikupigia nikakuambia kliniki imeahirisha. Haikuahirisha. Ujumbe ulikuja kwangu kwa sababu mtandao wa huko kwako husumbua, ulisema uwe hapo saa mbili asubuhi, na usikose, kwa maana presha ya jicho imepanda. Wiki hiyo nilikuwa na mitihani ya shule nne ya kuchapisha. Nilijiambia wiki mbili si kitu. Zikawa wiki saba.

Tulipokwenda mwishowe, ulipokuwa umekaa nje na matone machoni, daktari aliniita ndani. Akasema la kushoto limekwisha, halitarudi. Akaniuliza, "Mbona hamkumleta siku ile?" Nikamwambia ulikataa. Nikasema, "Ni mtu mgumu, hapendi hospitali." Aliandika kwenye faili lako. Niliona kalamu ikiandika. Ndiyo maana kila ukienda pale wale wauguzi hukugombeza kama mtoto mtoro, nawe ukirudi huniuliza umewakosea nini. Nilikuwa nakujibu eti ni watu wa mjini, ndivyo walivyo.

Simu yako ikilia nilikuwa namsikia huyo daktari. Ungeniuliza tu kama nimekula, nami nasikia, "Mbona hamkumleta?" Kwa hiyo nikatafuta watu wengine wakuongeleshe. Nilikusanya maprofesa, mawakili, wafugaji, mabaharia, mtu yeyote mwenye sauti, ili wewe usiwe na nafasi ya kuniita. Watu hapa mjini husema, "Justus anamjali dada yake, tazama anavyomtafutia elimu." Nami nilikuwa naitikia.

Siombi unisamehe kwa barua hii. Nimeandika kwa sababu uliniambia niandike.

Kavutha, pole kwa kukubebesha haya.

Justus


Mwala
Jumamosi, 20 Septemba 2025

Justus,

Kavutha alisoma bila kupunguza. Pale kwenye ujumbe wa kliniki alisimama, nikamwambia aendelee. Alipomaliza alikunja karatasi akakaa nayo. Kisha akaenda kufunga mbuzi wangu, kazi ambayo si yake.

Siku ile ya Februari nilikuwa nimeshavaa. Gauni la kijani na viatu vya kanisani. Nilikuwa nimefunga ndizi mbili ndani ya leso, moja yangu na moja yako. Uliponiambia kliniki imeahirisha nilimsikitikia daktari. Nilidhani amefiwa, nikamtaja kwenye sala.

Nimejaribu kuandika neno unalolitazamia. Nilianza herufi ya kwanza, katoni ikateleza, nikaona niache. Pengine halijafika bado. Sitaki kuliandika kwa sababu tu mimi ndiye mkubwa.

Ninachokuambia ni hiki. Jicho la kulia bado linajua dirisha liko wapi, na mtu akipita mbele ya mlango najua amepita. Hicho ndicho kilichobaki. Tarehe 7 Oktoba, saa mbili asubuhi, wanataka kulitazama. Namba yangu kwao ilikuwa yako, na nimeibadilisha. Ujumbe sasa unakuja kwa Kavutha.

Nitakuwa tayari saa kumi na moja na nusu. Ukija, njoo. Usipokuja, Kavutha amesema atanipeleka, na Kyalo ameshakubali kubaki na watoto. Sitakusubiri langoni.

Peris


Mwala
Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Daktari amempigia Kavutha. Presha ya jicho la kulia imeshuka kwa yale matone, na watalifanyia upasuaji tarehe nne Novemba. Amesema hataahidi kuongeza, anaahidi kujaribu kulinda. Nimeridhika na hilo.

Nashukuru ulikuja kabla ya saa kumi na moja. Nilikusikia umesimama nje ya mlango muda mrefu bila kubisha. Kavutha alitaka kukufungulia, nikamwambia akuache ubishe mwenyewe.

Tulikaa kwenye lile benchi kwa muda wa saa sita, na nilidhani tutakosa la kusema. Ulinisomea kila tangazo la ukutani, hata lile la kutotema mate. Kisha ukamaliza kuta, ukaanza kuniambia kuhusu Mutheu anavyokujibu siku hizi. Sikukuambia hapo, lakini nilikuwa nasikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza kadi yoyote. Ulipoingia kwa daktari ukasema, "Lile lililoandikwa hapo ni uongo wangu, yeye hakuwahi kukataa," mlango haukuwa umefungwa. Benchi zima lilisikia. Mama aliyekaa kando yangu alinigusa goti. Nilisikia aibu katika sauti yako, na sikukimbilia kukupokea. Nimelifikiria hilo tangu Jumanne na sijuti.

Wanawake wamerudi Alhamisi. Mama Nzau aliuliza moja kwa moja, kama kawaida yake, "Yule mwigizaji wetu alikuja?" Nikasema alikuja. Akasema, "Haya," akaendelea kumenya mbaazi zake. Redio nimeifunua. Usinitumie kadi ya arobaini wala ya thelathini. Ukisikiliza jambo likakukaa, niletee hilo moja, unieleze kwa nini.

Nina jambo moja la kukuambia, na nimelichelewesha mpaka mwisho wa karatasi. Pale mapokezi, yule muuguzi alipokuuliza wewe ni nani wa mgonjwa, ulinyamaza kwanza, kisha ndipo ukasema, "Ni ndugu yake." Nilihesabu, kama kawaida yangu. Sijui ulikuwa unaogopa nitakukana, au ulikuwa unajikana mwenyewe.

Tarehe nne watakuuliza tena. Wajibu mara moja.

Dada yako,
Peris